Kofia ya Mjerumani yenye mwiba: ikague kabla ng'ombe hajauzwa

Picha huingia kwenye simu kwanza. Kofia nyeusi inayong'aa, mwiba wa shaba juu yake, tai mkubwa kwenye paji, na chini maneno machache: mali ya Mjerumani, imefukuliwa Ngorongoro, mzungu yupo Arusha anaitafuta. Siku ya mnada dalali anakuja mwenyewe na gunia. Anasema hana tamaa. Anaomba ng'ombe wawili tu leo, na mwenye boma ataiuza kesho kwa mamilioni.

Chukua boma lolote la Endulen lenye mtoto anayesubiri kwenda sekondari ya bweni. Baba anaona godoro, sare na nauli ya miaka minne ndani ya lile gunia. Mama anauliza swali moja tu: kama mzungu yupo Arusha, kwa nini dalali asimpelekee mwenyewe? "Yeyo, hii biashara huijui," anajibiwa. Swali linaishia hapo, na ng'ombe nao wanaishia hapo.

Swali la mama lilikuwa sahihi, na jibu lake linapatikana kwenye historia ambayo madalali wengi hawaijui. Kofia ile ipo kweli na ilivaliwa na jeshi kweli. Ila haikuwa kofia ya Wajerumani waliopigana huku.

Ilianza Prussia, mojawapo ya dola kubwa za Kijerumani wakati huo, mwaka 1842 chini ya mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne. Ilitengenezwa kwa ngozi ngumu iliyopakwa rangi nyeusi ya kung'aa, ikawekewa nembo ya shaba mbele na mwiba juu. Baadaye majeshi ya dola nyingine za Kijerumani yakaiga. Askari wa mizinga walikuwa na tufe dogo badala ya mwiba. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, ngozi ikawa adimu, hivyo viwanda vikatengeneza kofia za namna hiyo kwa manyoya yaliyoshindiliwa na hata kwa bati. Ngozi haikuzuia vipande vya mabomu, na mwaka 1916 jeshi likaanza kugawa kofia za chuma zisizo na mwiba.

Sasa hali ya huku. Jeshi la kikoloni la Wajerumani katika Afrika Mashariki liliitwa Schutztruppe, na lilikuwa na mavazi yake ya nchi ya joto. Maofisa Wazungu walivaa kofia za jua, nyepesi, zilizotengenezwa kwa gamba la mti kama lile la kizibo cha chupa na kufunikwa kitambaa cha kaki. Wengine walivaa kofia pana za kijivu zilizokunjwa upande mmoja. Askari wa Kiafrika, ambao ndio walikuwa wengi, walivaa tarbushi iliyofunikwa kaki, yenye tai mdogo mbele na kitambaa cha kukinga shingo na jua. Hivyo ndivyo walivyovaa walipopigana na Waingereza kule Longido Novemba 1914, na kwa mavazi hayo, yakiwa yamechakaa vibaya, waliweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Kwa hiyo dalali anaposema kofia ya ngozi yenye mwiba ilianguka kichwani mwa askari wa Kijerumani vitani hapa Ngorongoro, amekwisha kujikwaa kabla gunia halijafunguliwa. Jeshi lile halikupigana huku na kofia hizo.

Wengi wamekaririshwa sura ya Mjerumani na sarafu. Rupia ya fedha ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ina picha ya Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya vita. Bibi na babu wengi waliwahi kuishika au kuivaa shingoni. Lakini mwenye rupia aitazame vizuri: juu ya kofia ya Kaisari amekaa tai, si mwiba. Ni kofia ya kikosi cha walinzi wake, tofauti kabisa na inayouzwa mnadani.

Je, ina maana hakuna hata moja iliyowahi kufika huku? Hapana, na hapa ndipo matapeli wanapopata mlango. Kabla ya vita, ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba ndani ya kreta ya Ngorongoro. Baada ya vita Wajerumani walifukuzwa, kisha kuanzia mwaka 1925 wakaruhusiwa kurudi Tanganyika, na baadhi yao wakafungua mashamba ya kahawa Oldeani, upande wa Karatu. Kati ya walowezi hao walikuwapo waliopigana Ulaya, na ofisa wa Kijerumani alinunua kofia yake mwenyewe, kwa hiyo angeweza kuisafirisha kwenye sanduku kama kumbukumbu. Ilipofika 1939 na vita nyingine, walikamatwa na mashamba yao yakachukuliwa. Kofia moja ikibaki darini kwenye nyumba ya Oldeani, hilo linawezekana. Lakini kofia ya namna hiyo ina hadithi ya nyumba na shamba, ya mtu aliyefanya kazi jikoni au kwenye kahawa akaachiwa. Haina hadithi ya kufukuliwa porini na kijana asiyetajwa jina.

Hadithi peke yake haitoshi, hata ikiwa nzuri. Kofia yenyewe lazima ishikwe, na ishikwe mchana. Dalali anayeleta mali usiku na kumulika kwa simu tayari ameeleza anachoficha.

Jambo la kwanza ni uzito. Mtu akisikia kofia ya vita anategemea kitu kizito, na waigizaji wanajua, kwa hiyo wanatumia chuma kinene. Ya kweli ya ngozi ni nyepesi kiasi cha kushangaza, haifiki kilo moja. Mwiba wake ni mtupu ndani, na penye shingo yake kuna matundu madogo ya kupitisha hewa ili kichwa kisichemke. Mwiba uliojaa chuma, usio na tundu lolote, umetengenezwa na mtu aliyeiona kofia kwenye picha tu.

La pili ni nembo ya mbele, na hiki ndicho kipimo chepesi ambacho mama yeyote anaweza kukifanya bila kusoma kitabu. Tai wa kweli alipigwa kwa mashine kwenye bati jembamba la shaba. Kwa sababu hiyo, ukigeuza nembo nyuma, tai yuleyule anaonekana akiwa amebonyea, kama alama ya kidole kwenye unga. Nembo za kuigiza nyingi humiminwa kwenye kalibu kama sufuria za Jua Kali. Nyuma yake ni bapa au imejaa, mara nyingi ina vitundu vya mapovu, na manyoya ya tai yamefifia kama ugali uliochotwa kwa mwiko. Muuzaji akikataa nembo isifunguliwe kwa kisingizio kwamba itashuka thamani, anaweza kuombwa aangalie hata kwa kuchungulia ndani, maana ya askari wa kawaida ilishikwa kwa vishikizo vilivyopita kwenye matundu ya ngozi na kubanwa kwa vipande vidogo vya ngozi. Skrubu mpya yenye kichwa cha msalaba, kama ile ya kufungia soketi ya umeme, inamaliza mjadala.

Maneno kwenye nembo nayo husema kweli au uongo. Tai wa Prussia kwa kawaida ana utepe wenye maneno ya Kijerumani yanayomaanisha kwamba mvaaji yupo na Mungu kwa ajili ya mfalme na nchi ya baba. Mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye simu anaweza kulinganisha herufi moja baada ya nyingine na picha za makumbusho. Herufi zikipishana, au kukiwa na alama ya msalaba wa Hitler, hakuna haja ya kuendelea. Chama cha Hitler kilishika madaraka mwaka 1933, miaka mingi baada ya kofia hizi kuondoka vitani.

Sumaku wengi huitumia vibaya. Shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo mtu akiona sumaku imenasa anatangaza ni feki, na ikikataa kunasa anatangaza ni mali. Mambo si rahisi hivyo. Kuanzia mwaka 1915 Wajerumani walitumia vyuma vya kijivu kwenye kofia hizi badala ya shaba, na hivyo vinavutwa. Kinachotia shaka ni mchanganyiko usioelewana: nembo inavutwa, imepakwa rangi ya dhahabu, na rangi hiyo inabanduka kwa ukucha.

Ndani ya kofia ndiko kwenye ukweli mwingi zaidi. Ya askari ilikuwa na bitana ya ngozi iliyokatwa vipande kama ndimi, vyenye matundu ya kupitishia kamba ya kubana kichwa. Miaka 100 ya jasho, mafuta ya nywele na vumbi huifanya bitana iwe nyeusi pale kichwa kinapogusa tu. Ngozi ya nje hupata nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, na hazifuati mpangilio. Upande wa ndani wa shingo mara nyingi kuna mihuri iliyogongwa: kikosi, mwaka, jina la kiwanda. Kofia iliyozeeka nje huku bitana ikiwa safi na inanuka gundi ya fundi viatu ilizeeshwa wiki iliyopita. Nakala za namna hii hutengenezwa kwa wingi, hasa India, kwa ajili ya filamu na mapambo, na zinauzwa wazi kama nakala. Uongo huanza zinapozikwa ardhini.

Kuna nyingine ambayo si feki ila si ya Mjerumani. Maofisa wa Kiingereza nao walikuwa na kofia za jua ambazo siku ya gwaride ziliwekewa mwiba juu. Ikiwa ni nyeupe au ya kaki, imefunikwa kitambaa, na ndani kuna lebo ya duka la London, hiyo ni mali ya Mwingereza, na hakuna haja ya mtu kudanganywa kuhusu Kaisari.

Hata kofia halisi kabisa haina mamilioni yanayotajwa mnadani. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hununua za askari wa kawaida kwa mamia ya dola, na zile adimu za maofisa kwa maelfu. Ni fedha nzuri. Lakini mnunuzi wa kweli anataka kofia nzima na mihuri inayosomeka, wala haoni haraka ya wiki hii. Bei za kufikirika zinatokana na imani nyingine, kwamba vitu vya Mjerumani vina zebaki nyekundu ndani yake au vinavuta bahati. Zebaki nyekundu yenye nguvu hizo haipo. Mwaka 2009 uvumi huohuo uliwafanya watu wa Saudi Arabia wanunue cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu. Kofia ya ngozi haina mahali pa kuficha zebaki hata kama mtu angetaka.

Na hapa suala linaacha kuwa la ng'ombe wawili na kuwa la watoto.

Dalali akishaacha neno kijijini kwamba vyuma vya Mjerumani vinalipa, wanaosikia vizuri zaidi ni wavulana wanaochunga ndama. Wao ndio wanaozunguka kwenye makorongo mchana kutwa, na macho yao huona kila kinachong'aa. Watachimba, wataokota, wataficha chini ya shuka mpaka dalali arudi. Kitu cha chuma cha duara kilichooza kutu kinaweza kuwa kifuniko cha kofia. Kinaweza pia kuwa bomu.

Novemba 2017 katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara mkoani Kagera, mwanafunzi alikwenda shuleni na kitu alichokiokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kilikuwa bomu la kutupa kwa mkono. Liliua wanafunzi na kujeruhi wengine zaidi ya 40. Zimbabwe, Januari 2013, mlipuko katika nyumba ya mganga mjini Chitungwiza uliua watu kadhaa, na ulihusishwa na jaribio la kufungua bomu ili kutoa zebaki nyekundu. Hakuna aliyekuwa anatafuta vita katika nyumba hizo. Walikuwa wanatafuta hela.

Baruti ya zamani haifi kwa uzee. Chuma kinachoizunguka ndicho kinachooza, na kadiri kinavyooza ndivyo kitu kinavyokuwa kigeugeu. Kwa hiyo kauli ya nyumbani iwe fupi ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuikariri: kuona, kutogusa, kuondoka kwa njia aliyojia, kumwambia mtu mzima. Mtoto asichapwe kwa kusema alikuwa anachimba, maana akichapwa leo, kesho ataficha. Mtu mzima naye asiende kukichokoa kwa rungu ili kuhakikisha. Aweke alama kwa mbali, azuie mifugo, na ampigie mwenyekiti wa kijiji, polisi au askari wa hifadhi. Kutegua ni kazi ya wanajeshi waliofundishwa.

Kuna hatari nyingine ndogondogo ambazo hazilipuki. Ili chuma kipya kionekane cha kale, waigizaji humwagia maji ya betri, yaani asidi, kisha hukizika. Kofia ya namna hiyo ikiletwa nyumbani, mtoto wa kwanza kuivaa ni yule anayetambaa kuelekea kila kitu kipya. Asidi iliyobaki inaunguza ngozi na macho. Ikitokea, sehemu hiyo imwagiwe maji safi mengi kwa muda mrefu, dakika 20 au zaidi, wakati safari ya hospitali inaandaliwa. Kupaka maziwa au samli kunazuia maji kufanya kazi yake.

Ngozi nayo ina lake katika eneo hili. Kimeta kinajulikana Ngorongoro kwa mifugo na wanyamapori, na vimelea vyake hukaa ardhini kwa miongo mingi. Kofia ya kuigiza iliyoshonwa kwa ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe, kisha ikazikwa, ni kitu cha kutoleta kitandani. Dalili ya kimeta cha ngozi ni uvimbe mdogo unaowasha, unaogeuka kidonda chenye katikati nyeusi, na mara nyingi hakiumi. Kwa sababu hakiumi watu hukidharau. Kikiwahishwa Hospitali ya Endulen au kituo chochote cha afya kinatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria.

Aliyejikata kwa chuma cha udongoni aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Watoto huipata ndani ya chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, na akina mama huchanjwa wakati wa ujauzito. Wanaosahaulika ni baba na vijana wa kiume, ambao pengine hawajachomwa sindano hiyo tangu utotoni, na ndio hasa wanaoshika majembe kuchimba mali ya Mjerumani.

Kuchimba kwenyewe, ndani ya eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959, ni kosa bila kibali, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka leseni kwa yeyote anayefukua vitu vya kale. Si ukali wa bure. Jirani na Endulen kuna Laetoli, ambako mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za miaka milioni 3.6. Kabla yake, mwaka 1913, Mjerumani Hans Reck alichimba Olduvai na kusafirisha mifupa hadi kwao. Wajerumani walipochimba eneo hili walikuwa wanatafuta mifupa, na jembe la mtafuta kofia linaweza kuisaga isiyolipika.

Familia ambayo tayari ina kofia, iwe ya babu au ya gunia, haihitaji kumlipa mtu ili aikague. Arusha mjini kuna boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia. Picha nne zinatosha kwa kuanzia: mbele, juu ya mwiba, nyuma ya nembo, na ndani ya shingo penye mihuri. Isisuguliwe kwa majivu wala kupakwa kiwi ili ing'ae, kwa sababu kusugua huondoa mihuri na kiwi huziba nyufa za ngozi. Ifungwe kwenye kitambaa kikavu, iwekwe juu mbali na watoto, na mikono ioshwe.

Dalali anaweza kuambiwa asubiri majibu ya picha hizo. Mwenye mali halali husubiri. Mwingine atakumbuka ghafla kwamba ana gari la kuwahi Karatu.